Kamati yetu imezeeka na vijana wanatukimbia

BARUA

Ndugu mshauri, salaam.

Mimi ni katibu wa timu ya mtaani kwetu huku Uyole, Mbeya. Tunacheza ligi ya wilaya. Timu hii tuliianzisha mwaka 1996, wengi wetu tukiwa ndiyo kwanza tumestaafu kucheza, miguu imegoma lakini mpira haujatoka moyoni. Tangu wakati huo kamati ni ileile. Tulikuwa tisa, tumebaki saba, wawili tumeshawazika. Aliye mdogo kuliko wote kati yetu ana miaka 51. Mimi nina 63, goti moja halikunji vizuri, na Jumamosi asubuhi bado ni mimi ninayebeba ndoo ya chokaa kwenda kuchora uwanja.

Shida yangu ni vijana. Timu wanaipenda, hilo siwezi kukataa. Tukicheza na wenzetu wa Igawilo uwanja unajaa, mavuvuzela, wengine wako juu ya miti. Lakini mwambie kijana aingie kwenye kamati, anakuangalia kama umemwambia akalipe deni la baba yake.

Usidhani hatukujaribu. Mwaka juzi tulimwingiza kijana mmoja, dereva bodaboda, kamaliza kidato cha nne, ana akili na ana nidhamu. Tukampa ukatibu msaidizi. Kazi yake ilikuwa kuwaita wajumbe, kupanga viti na kufuata soda, maana tulitaka kwanza ajifunze taratibu. Vikao vyetu ni Jumapili nyumbani kwa mwenyekiti, tunaanza saa nane, huwa vinachukua mpaka magharibi. Mwanzoni alihudhuria vizuri. Akaja na wazo kwamba mapato na matumizi yawe yanatumwa kwenye grupu la WhatsApp la timu kila mwisho wa mwezi. Mwenyekiti akamwambia, "Subiri kwanza ukue." Tukacheka, na yeye akacheka.

Likaja suala la mchango. Tulichangisha hela ya waamuzi na usafiri wa kwenda Mbalizi, na yeye ndiye aliyezunguka na daftari madukani na kwenye vijiwe vya boda. Siku ya mechi ikaonekana pungufu ya shilingi 85,000. Maneno yakazagaa mtaani kwamba kijana kala. Baadaye ikajulikana kuwa mwenyekiti alizichukua kulipa deni la Coaster tuliyokodi mechi ya nyuma, akasahau kutuambia. Yakaisha. Ila yule kijana akaanza kukosa vikao, leo ana abiria, kesho pikipiki mbovu, mwisho akapotea kabisa.

Baada ya hapo tulitangaza nafasi mbili za vijana kanisani, msikitini na vijiweni. Hakuna aliyeleta jina. Na katiba yetu inataka anayegombea awe na uzoefu wa miaka mitano katika uongozi wa mpira, kwa hiyo hata akitokea mtu itabidi tumtazame vizuri. Wenzangu wanasema vijana wa sasa ni simu na kubeti, mambo ya kujitolea hawayawezi. Mimi sikubali moja kwa moja, ila kubisha nako nashindwa.

Naomba ushauri. Tuwape posho? Tuwalazimishe wachezaji wenyewe waingie kwenye kamati? Au nijiuzulu tu, nione kama watashtuka?

Katibu aliyechoka, Uyole


JIBU

Shikamoo mzee wangu, na pole na goti. Mtu aliyechora uwanja kwa chokaa tangu 1996 hastahili kuanza kufundishwa mpira na mimi, kwa hiyo nitazungumzia watu tu.

Kuna jambo umelipitia haraka mno, nami nadhani ndilo barua yako nzima. Zile 85,000. Unasema ilipojulikana kwamba mwenyekiti ndiye aliyezichukua, mambo yakaisha. Yaliisha kwenye kikao chenu cha watu saba. Je, kule madukani alikopita na daftari, nani alirudi kuwaambia kwamba kijana hakula? Kwenye vijiwe vya boda alikochangisha wenzake, nani alikwenda? Umeandika namna maneno yalivyozagaa, lakini hukuandika popote kwamba mlitoka kuyafuta.

Fikiria kazi ya kijana huyo. Dereva bodaboda anaishi kwa kuaminiwa. Mama anampa mtoto ampeleke shule. Mwenye duka anamkabidhi laki mbili akamchukulie mzigo Mwanjelwa. Bosi wake amemwachia pikipiki ya mamilioni kwa makubaliano ya hesabu ya kila jioni. Mtu wa namna hiyo akiitwa mwizi wa hela ya mchango, haumii moyo tu, anapoteza wateja. Nanyi mlimwangushia jumba bovu, likamlalia, mkaendelea na ratiba ya ligi. Mimi simshangai aliyepotea. Namshangaa aliyemtegemea arudi.

Sasa mkitangaza nafasi mbili kanisani na msikitini, kijana wa Uyole anasikia nini? Anasikia kuna viti viwili vya kukaa watu watakaosingiziwa hela ikipungua. Kisa cha mwenzao wanakijua wote, na kwa uhakika wanakijua kuliko wewe, maana yeye aliwasimulia upande wake kijiweni wakati nyinyi mnasubiri aache kukosa vikao.

Kwa hiyo kabla hamjamtafuta kijana yeyote mpya, kamsafisheni huyu. Mwenyekiti mwenyewe aende, si kumtuma mtu, na wewe ufuatane naye. Mwende kijiweni mchana watu wakiwepo, aseme kwa mdomo wake kwamba hela niliichukua mimi, nililipa Coaster, sikutoa taarifa, kijana huyu hakugusa hata mia. Halafu arudie maneno hayohayo uwanjani siku ya mechi ya nyumbani, kabla mpira haujaanza, watu wakiwa wameshajaa. Dakika mbili zinatosha. Na siku hiyo msimwombe arudi kwenye kamati. Mkimwomba hapohapo ataona mmemfuata kwa shida yenu, na atakuwa hajakosea.

Ukishamaliza hilo, njoo kwenye hela yenyewe, kwa sababu msipobadilisha njia yake hata mkimpata malaika kutoka Tukuyu atachafuka vilevile. Hukusema mchango unaingia wapi. Nabahatisha: kwenye simu ya mwenyekiti, laini ile anayotumia kununulia vocha na kulipia ada ya wajukuu. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akachanganya, kama alivyofanya. Fungueni akaunti ya timu benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, au tumieni huduma za vikundi za kwenye simu, kama M-Koba ya Vodacom, ambako hela ya kikundi haitoki kwa kidole cha mtu mmoja. Na kile mlichokicheka, cha kutuma mapato na matumizi kwenye grupu, kianzeni mwezi huu. Hakihitaji mhasibu. "Mchango 210,000. Waamuzi 60,000. Coaster 90,000. Maji na dawa 15,000. Baki 45,000, ipo benki." Basi. Ujumbe wa mistari mitano, na mtu wa kusema fulani kala anakosa pa kuanzia. Mtakapoutuma wa kwanza, andikeni kwamba wazo lilikuwa la nani.

Nije kwenye wenzako wanaosema vijana wa leo ni simu na kubeti. Kubeti kupo, sitaki kukudanganya, na kunamaliza hela za vijana wengi tu. Lakini wenzako wamesahau mapema. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga. Uwanja wa Sokoine palikuwa hapatoshi. Wale waliovaa zambarau, wakapanga safari za kuifuata timu mikoani, wakachangishana nauli wenyewe kwa wenyewe, walikuwa watu gani kama si vijana wa Mwanjelwa, Soweto, Ilomba na hapohapo kwenu Uyole? Kuzunguka na daftari, kukodi gari, kujua nani kalipa na nani hajalipa: hiyo ndiyo kazi ya kamati, ila haikuwa na jina la kamati wala viti vya kupangwa.

Tena, mzee wangu, piga hesabu kidogo. Tukuyu Stars walipouleta ubingwa wa Tanzania huku Rungwe mwaka 1986, wewe ulikuwa kijana wa ishirini na kitu, na naamini mpaka leo unaweza kunihadithia ulikuwa wapi siku hiyo. Mlipoanzisha timu mwaka 1996 ulikuwa thelathini na kitu. Huyo mdogo wenu mwenye miaka 51 alikuwa na miaka 22 hivi. Alikuwa na uzoefu gani wa uongozi wa mpira? Miaka mitano aliitoa wapi? Hakuna aliyemuuliza, na timu ikasimama. Leo mmeandika kwenye katiba sharti ambalo hakuna hata mmoja wenu angelivuka siku mnaianzisha. Kijana wa miaka 20 ili alitimize ingebidi awe kiongozi tangu ana 15.

Kifungu hicho kiondoeni. Pelekeni pendekezo kwenye mkutano mkuu wa wanachama, likipita onaneni na afisa michezo wa halmashauri awaelekeze namna ya kuyafikisha mabadiliko kwa msajili wa vyama vya michezo pale Baraza la Michezo la Taifa, maana kurekebisha katiba kwa kalamu nyumbani kwa mwenyekiti hakutawasaidia siku mkipata mgogoro. Wekeni umri wa kuanzia miaka 18 na muishie hapo. Wadogo zaidi wanaweza kuokota mipira na kusaidia kuchora uwanja kwa ruhusa ya wazazi, ila hela msiwashikishe.

Halafu vikao. Jumapili saa nane mpaka magharibi! Mzee wangu, Uyole ndiyo njia panda. Jumapili mchana magari ya kutoka Tukuyu na Kyela yanashusha watu hapo, yanayotoka upande wa Chimala na Igurusi yanashusha watu hapo, na kila anayeshuka ana begi na anatafuta boda. Ndiyo saa ya kijana kutafuta hesabu ya bosi. Nyinyi mnamwita akae kwa muda wa saa nne kusikiliza mnakumbushana bao la mwaka 2003, kisha mnamtuma soda. Kaeni uwanjani palepale baada ya mazoezi, kwa muda wa saa moja tu, ajenda iwe imetumwa jana yake. Masimulizi ya 2003 yana nafasi yake, na mimi mwenyewe ningependa kuyasikia, ila yawe baada ya kikao na kwa anayetaka kubaki.

Kuhusu kazi za kuwapa. Ukatibu msaidizi mliompa ulikuwa uhudumu wenye cheo. Kijana mpe jambo lenye mwanzo na mwisho, mpe na hela yake na mamlaka yake, kisha umwache. Kwa mfano, mvua ikishakatika, kuanzia Juni mpaka Agosti uwanja ukiwa mkavu, andaeni kombe la mbuzi la mitaa. Watafuteni vijana watano. Wapange ratiba wao, waitafute ada ya ushiriki wao, waongee na waamuzi, wanunue mbuzi, wasimamie ulinzi na mtangazaji. Nyinyi wazee mje siku ya fainali mkae jukwaa kuu, yaani lile benchi la chini ya mti, mkabidhi mbuzi. Watakosea. Kuna timu itakuja na mamluki, kuna siku refa atachelewa, hesabu inaweza kwenda pungufu ya elfu ishirini. Hapo ndipo mtazame mioyo yenu. Mkiingilia mkaanza kupanga upya, mmerudi nyumbani kwa mwenyekiti saa nane mchana. Kombe likiisha, kati ya wale watano mtakuwa mmeshamwona mwenye kichwa cha hesabu, mwenye mdomo wa kupatanisha watu, na yule anayefika kabla ya wote. Hao ndio wa kuzungumza nao habari ya kamati, na wala hamtahitaji kutangaza kanisani.

Usisahau wanafunzi wa vyuo. Mbeya imejaa wanafunzi, wapo wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, wapo wa Mzumbe, na kila mtaa una waliopanga vyumba. Mtu atasema hao watahama wakimaliza. Wahame. Mwanafunzi akiwapangia kumbukumbu za wachezaji, picha, tarehe za kuzaliwa na fomu za usajili kwenye kompyuta kwa miaka miwili, amewafaa kuliko mjumbe wa maisha asiyejua faili liko wapi.

Na katika barua yako yote, mzee wangu, sikumwona msichana hata mmoja. Nani anafua jezi? Nani alikuwa anapika chai mkirudi kutoka Mbalizi usiku wa Julai na baridi ile? Mabinti wapo kwenye timu yenu tayari, ila hamjawahesabu. Wengi wao wanaendesha vikoba, wanajua kutunza daftari la hela za watu na kumfuata mdaiwa mpaka alipe. Ningekuwa mimi, mweka hazina ningemtafuta huko kwanza.

Posho ya kikao siishauri. Hela hamna, na siku mkiikosa na watu wataondoka nayo. Lakini kujitolea kusimgharimu mtu mfukoni mwake. Ukimtuma boda kupeleka barua ofisi ya chama cha mpira cha wilaya, mlipe safari hiyo kwa bei anayomlipisha abiria. Aliyetumia bando lake kwa kazi ya timu arudishiwe siku hiyohiyo. Hilo la siku hiyohiyo lina maana kubwa kwao, wameshaahidiwa sana "tutaangalia".

Wachezaji msiwalazimishe. Anayepanga kuchezeshwa Jumamosi atawezaje kumbishia mwenyekiti Ijumaa? Mtafuteni aliyevunjika mguu msimu huu, au yule wa miaka 29 anayeanza kukaa benchi na bado anafika mazoezini wa kwanza. Huyo ana hamu ya kubaki na hajui abakije.

Kuna jambo moja hukuligusa, nami naligusa tu. Ukifika msimu wa uchaguzi wa madiwani, timu za mitaani hupata jezi mpya na kamati hupata wageni. Vijana wanaogopa kuonekana chawa wa mtu. Kama mmepokea jezi za mgombea, semeni wazi mlipewa nini na kwa sharti gani, kwenye grupu lilelile la mapato.

Sasa swali lako la mwisho. Usijiuzulu ili kuwashtua. Hawatashtuka, watadhani umefariki au umehamia kwa mwanao Dar. Na ukiondoka leo, unaondoka na namba za waamuzi, namba ya mwenye Coaster, makubaliano na mwenye uwanja, na muhuri wa timu ambao nina hakika uko kwenye droo ya kitanda chako. Panga kung'atuka kwenye mkutano mkuu ujao na uwatangazie mapema. Dirisha la usajili likifunguliwa, anayekurithi ajaze fomu yeye, wewe ukae pembeni umjibu akiuliza. Akipeleka, apeleke yeye, wakamjue kwa sura huko wilayani. Muhuri mpe siku hiyo.

Kuna uwezekano mwenyekiti akakataa kwenda kijiweni. Ni mtu mzima, ana heshima zake, atasema hayo yalishapita. Mwombe mara ya pili mkiwa wawili tu, bila wajumbe. Akikataa tena, hapo andika barua ya kujiuzulu, sababu uiweke wazi ndani yake, na nakala mpelekee yule kijana.